Pikipiki ya Bwana Chanjo

Suna, Migori
11 Februari 1995

Mwalimu Rispa,

Hunijui, na barua hii itakufikia ikinuka dagaa, kwa sababu nimempa Edith wa huko kwenu anayeuza omena hapa soko la Suna kila Jumanne. Usimkasirikie. Nimemsumbua wiki tatu nzima mpaka akanitajia jina lako. Alisema, "Wee Gisiri, wacha kunisumbua na hizo chuma zako. Enda uulize Mwalimu Rispa wa Kendu, hiyo pikipiki unasema ilikuwa ya babake."

Mimi ni Gisiri, Mkuria, fundi wa pikipiki nyuma ya soko. Siku za kazi natengeneza pikipiki za watu walio hai. Jumamosi natafuta za waliokufa. Mke wangu Mokeira anasema ni wazimu, na sijapata hoja ya kumpinga. Huko Rongo nilikuta Matchless kuku wanalala juu yake, na mwenye boma anaapa kwamba hajawahi kuwa na pikipiki. Nimekuta tangi la Triumph likichotewa maji mtoni. Nimekuta poshomili ikisaga mahindi kwa injini ya Norton iliyopigana vita, na mwenye mashine hajui, anailaumu tu kwa kelele.

Siri yangu nakupa bure. Napanda kilima natafuta ua wa ojuok, ile minyaa yenu, uliofunga vizuri lakini ndani yake hakuna nyumba. Ninyi Wajaluo boma la wafu hamligusi. Nyumba inaachwa ianguke yenyewe, na kilichokuwemo kinabaki humo humo chini ya udongo. Nikiona ua kama huo, simwulizi mwanamume, maana atasema kila kitu kiliuzwa. Namtafuta mjane. Mjane anajua kitu kiko wapi.

Sasa nasikia tu kwamba marehemu Elijah, babako, alikuwa na BSA ya jeshi, ile yenye springi moja kubwa mbele chini ya taa. Kama unajua iliko, au kama familia inaweza kuiachilia, niandikie mistari miwili. Nikiipata sitaiuza kama chuma chakavu.

Ni mimi,
Gisiri


Kendu Bay
19 Februari 1995

Bwana Gisiri,

Barua yako nimeipata, na kabla sijajizuia nimeisahihisha kwa wino mwekundu. Ni ugonjwa wa miaka ishirini na minne kazini. Makosa si mengi. Kosa kubwa ni kuniandikia.

Lakini kwa kuwa umeuliza kwa adabu, nitakujibu mara moja tu. Babangu alikuwa mpeleka barua wa jeshi kwa pikipiki huko Burma. Vita vilipoisha akanunua BSA kwenye mnada wa jeshi Nairobi, akaiendesha mpaka hapa siku tatu. Serikali ikamwajiri kuchanja watu ndui, na kila alikopita walimwita Bwana Chanjo. Akiondoka kwenda kazini mimi nilikaa mbele yake juu ya tangi, nimeshika usukani pamoja naye, mpaka mto Awach. Hapo alinishusha nikarudi nyumbani kwa mguu, na siku nzima sikutaka kunawa mikono.

Aprili 1957 alikwenda upande wenu. Siku hiyo sikupanda, njia ilikuwa tope tupu. Aliniambia akirudi nitaanza shule, na ataniletea kalamu za kibao, zile za jiwe, kutoka duka la Mhindi la Migori. Hakurudi. Nilianza shule na kipande cha mkaa.

Baada ya miezi mitano mtu mmoja akasema alisikia pikipiki imesombwa na mto. Baba mdogo, ndugu ya babangu, akaamua tumzike. Mwili hatukuwa nao, kwa hiyo tulizika yago. Wewe Mkuria huenda hujui: ni tunda refu la mti, zito, ambalo sisi tunalilaza kaburini badala ya mtu aliyepotelea mbali. Nilikuwa na miaka minane. Niliona tunda likivishwa blanketi ya babangu.

Kaburi halijaota nyasi, sokoni wakaanza kusema tumezika yago bure, mwenyewe yuko Tanganyika anakula kwa mwanamke. Mama alifariki mwaka wa 1971 bila kujua kama yeye ni mjane au ni mke aliyeachwa. Nami nina miaka arobaini na sita na sijui kama mimi ni yatima au ni mtoto aliyekimbiwa. Hakuna kitu duniani ninachotaka kujua kuliko hicho, na hakuna ninachokiogopa zaidi. Kwa hiyo usiniulize habari za chuma. Chuma hicho ndicho kilichomchukua.

Mwl. Rispa


Suna
27 Februari 1995

Mwalimu,

Nilikudanganya. Niliandika "nasikia tu". Sikusikia. Nimeiona.

Ilikuwa Desemba, Kegonga, huko juu kwetu Kuria. Nilikwenda kutengeneza poshomili, mvua ikanifukuza, nikaingia kwenye boma la mama mmoja anaitwa Nyasuguta. Nikakaa. Macho yakazoea giza. Nyuma ya ndama, chini ya ngozi za ng'ombe, nikaona springi. Moja, kubwa, mbele, chini ya taa. 

Nikamwomba anifunulie. Imesimama juu ya mawe manne, imenyooka. Magurudumu yametundikwa darini juu ya moshi. Rangi ya jeshi ipo, mshale wa serikali ya Mwingereza upo kwenye injini. Na hakuna kutu. Nilipitisha kidole kikateleza. Miaka kumi na miwili kwenye kazi hii na sijawahi kuona chuma cha umri huo kikiteleza. Anakipaka mafuta ya ng'ombe. Kila mwaka baada ya mavuno anayeyusha mafuta, anachukua kitambaa, anapaka kila mahali, mpaka kwenye spoku moja moja. Nikajikuta nimevua kofia. Mimi sivui kofia hata kwa mkubwa wa polisi.

Nikasema nitainunua. Akacheka. Akasema ina mwenyewe, mwenyewe alilala hapa kwao, na haitatoka mpaka damu yake ije. Kuna kisanduku cha spana kimefungwa ubavuni, hicho nacho haruhusu mtu akiguse. Kitu kimoja tu aliniomba: nimsomee kilichoandikwa kwenye tangi. Yeye hakwenda shule. Alikuwa anapitisha vidole juu ya zile herufi miaka yote hiyo bila kujua zinasema nini. Nikamsomea: ELIJAH, KENDU. Akarudia polepole mara mbili.

Na uovu wangu niumalize. Kuna daktari wa meno Nairobi anayekusanya pikipiki za zamani, nimeshamwahidi hii. Nilitaka karatasi yako ya ruhusa tu, ndiyo maana nikaandika kwa ujanja. Barua yako imenifanya nijione mwizi. Lakini ukiniuliza kama bado naitaka, bado naitaka. Naiota.

Gisiri


Kendu Bay
5 Machi 1995

Bwana Gisiri,

Kwa hiyo anaitwa Nyasuguta.

Nimeishi miaka yote hii nikijiambia kwamba wanawake wa sokoni walimtunga. Kumbe ana jina, ana boma, ana ndama. Babangu alilala kwake. Na mwanamke hapaki chuma mafuta miaka thelathini na minane kwa ajili ya mpita njia. Mimi nimezaliwa na mama aliyempenda mtu huyo huyo, najua kazi ya namna hiyo inatoka wapi.

Niulizie jambo moja tu. Walizaa watoto wangapi? Kama wako hai, uwasalimie, ni ndugu zangu.

Pikipiki ichukue umpelekee daktari wako. Karatasi ya ruhusa iko ndani ya bahasha hii, nimeweka sahihi. Usiniandikie tena.

R.


Suna
13 Machi 1995

Mama,

Nakuita hivyo bila ruhusa, na ukitaka unisahihishe kwa wino mwekundu.

Karatasi yako niliipata Jumatano. Ndiyo niliyokuwa nikiiwinda tangu Desemba. Niliisoma mara moja, lile swali lako nikalisoma mara kumi. Jana nikapanda Kegonga, sikubeba kamba wala spana.

Hakuna watoto, Mama. Kuna kaburi.

Mwaka ule wa 1957 Nyasuguta alikuwa na miaka kumi na miwili. Mtoto! Mimi nikakuandikia "mama mmoja" kana kwamba alizaliwa mtu mzima. Nimekwenda pale mara tatu na mara zote niliuliza habari za chuma. Haikunijia hata siku moja kuuliza aliyekiendesha alikwenda wapi. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nakupa kama alivyonipa. Babako alifika kwa mzee Masese, baba yake Nyasuguta, mvua zikiwa zimekolea. Akachanja boma lote, mkubwa kwa mdogo. Nyasuguta alikunja mkono wa gauni akanionyesha kovu. Jioni yake babako akaanza kutetemeka. Mto ulikuwa umefurika, hakuna wa kuvuka kwenda wala kurudi. Wakamlaza. Mama yake Nyasuguta alipika uji, na Nyasuguta ndiye aliyewekwa kumshikia kibuyu cha maji anywe. Siku ya tisa homa ikamuua. "Alikuwa anaongea Kijaluo," ameniambia, "na sisi hatukuelewa. Kitu kimoja alisema kwa Kiswahili, akakisema mara nyingi. Mashine ifike Kendu."

Masese aliogopa kwenda kwa chifu. Mtu wa serikali amefia kwake, nani angeamini ni homa? Akamzika nyuma ya zizi, akapanga mawe, akakataza jembe lisipite hapo. Nimepaona. Mahindi ya Nyasuguta yanafika kwenye mawe, yanazunguka, yanaendelea mbele. Masese akang'oa magurudumu ili mjinga yeyote asije akaiendesha, akamwambia binti yake aipake mafuta kama wanavyopaka mikuki, mpaka wenyewe waje. Hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo boma na mashine vyote vikabaki kwa Nyasuguta.

Na Masese hakukaa kimya. Baada ya mavuno, karantini ya ndui ilipoondolewa, alimtuma ndugu yake mpaka Kendu kwa mguu, akiwa na kofia ya marehemu mkononi kama ushahidi. Ndugu akarudi bila kofia na bila mtu. Alisema tu kwamba huko wamemwambia hawajapoteza mtu. Masese akasema basi, watakuja siku nyingine. Alikufa mwaka wa 1974 bado anasema hivyo.

Mama, kofia ilibaki huko kwenu. Ni nani aliyeipokea?

Gisiri


Kendu Bay
26 Machi 1995

Mwanangu Gisiri,

Nimeichana barua hii mara nne.

Nilimwona huyo ndugu ya Masese. Mtu mrefu, ndewe za masikio zimevutwa karibu na mabega, miguu imejaa vumbi jekundu ambalo si la huku. Nilitumwa nimpelekee maji langoni. Baba mdogo hakumkaribisha ndani, nami nilishangaa maana si desturi yetu. Nikamsikia akisema, "Sisi hatujapoteza mtu. Wetu tumemzika." Nilidhani mgeni anatafuta ng'ombe wake. Akanywa, akanirudishia kikombe, akaniangalia sana usoni. Nikarudi kucheza. Yago ilikuwa na wiki mbili kaburini.

Miaka yote hiyo nimetembea na jibu kichwani na sikujua kwamba ni jibu.

Jana nilikwenda kwa Mama James, mjane wa baba mdogo. Ana zaidi ya miaka themanini. Nilisema neno moja tu, kofia. Hakubisha. "Babake James hakuwa mtu mbaya, nyathina, mtoto wangu," akasema. "Kaburi ilikuwa imeshafungwa. Mtu mmoja atakuwa na kaburi mbili aje? Alisema akifungua hiyo maneno, chira itakuja imalize watoto wote wa hii boma. Hata wewe." Chira ndiyo laana tunayoiogopa huku, ile inayomfuata aliyevunja mwiko. Baba mdogo alimnyima babangu kaburi lake la kweli ili mimi niishi. Kisha Mama James akafungua sanduku lake la bati, akatoa nguo moja moja, na chini kabisa ikawepo. Ya kaki, ukingo umekunjika upande wa kulia alipokuwa akiishika. Walishindwa kuivaa na walishindwa kuichoma. Nikanusa ndani. Naftalini tu.

Nimekasirika, Gisiri. Mimi ni mtu wa kanisa na ningependa kukuandikia kwamba nimesamehe. Sijasamehe. Mama alikufa hatua mia kutoka kwenye sanduku lile.

Lakini juu ya hasira kuna kitu kikubwa kuliko hasira. Kuna msichana asiye wa kwetu, asiyejua lugha yetu, aliyemshikia babangu maji siku tisa, halafu akaendelea kumtumikia maisha yake yote bila mtu wa kumshukuru. Nami nikaandika juu yake maneno yale ya watoto. Tafadhali usimsomee barua ile. Ichome.

Mwambie Nyasuguta, sijui umwambie nini. Mwambie nakuja.

Rispa


Suna
3 Aprili 1995

Mama,

Nimemwambia. Aliketi chini pale pale alipokuwa anachambua maharage. Hakulia. Aliuliza swali moja: "Na huyo binti ana kovu?" Nikasema sijui, lakini mtu gani angechanja dunia nzima amwache wake. Akafurahi sana na jibu hilo. Barua ile nimeichoma, Mokeira akiwa shahidi.

Daktari wa meno nimempigia simu posta. Nimemwambia nilikosea, haikuwa BSA, ilikuwa poshomili. Amenitukana kwa Kiingereza.

Kwa kuwa damu imetuma neno, Nyasuguta ameniruhusu kazi. Nilimimina dizeli kupitia tundu la plagi, nikaiacha usiku kucha, halafu nikasukuma taratibu. Pistoni ikashuka. Haikugoma hata kidogo, ikashuka kana kwamba imeegeshwa jana. Nikazungusha magneto, ile inayotoa cheche, nimeshika waya kwa kidole, makusudi, kama mjinga. Ikanipiga mpaka begani. Mama, ule ni moto ulioachwa humo na mkono wa babako! Najua si hivyo, mimi ni fundi, najua sumaku inavyofanya kazi. Lakini nilisimama pale nimeshika bega.

Tairi za inchi kumi na tisa nimezipata Kisii. Kila kitu kiko tayari. Juzi niliweka mguu kwenye kiki, nikauondoa. Sauti ya kwanza ni yako, si yangu. Kisanduku sijakigusa.

Niambie siku.

Gisiri


Kendu Bay
9 Aprili 1995

Mwanangu,

Shule tumefunga. Nitakuja Jumamosi ya tarehe 22, na James na pikapu yake. Amezungumza na wazee. Kaburi la yago halitafunguliwa, lakini tutaleta udongo wa Kegonga tuumwage juu yake, na Mama James mwenyewe amekubali kuumwaga. Nimeanza kumhurumia na sikutaka.

Ombi moja. Kisanduku kisifunguliwe mbele ya watu. Nakwambia wewe jambo ambalo hata James sijamwambia. Kaburi nimelikubali, mto uliofurika nimeukubali, na bado naogopa kisanduku kile. Nimesikia habari za mwanamke yule wa Tanganyika tangu nina miaka minane. Mtu anaweza kufia njiani na bado alikuwa anaelekea kwingine. Kama kuna picha ya mtu humo ndani, au barua, nataka niione peke yangu.

Rispa


Suna
25 Aprili 1995

Mama,

Masikio bado yananivuma. Nimerudi Migori kwa gari ya watu wengi na nimewahubiria wote. Mokeira amechoka kunisikiliza, kwa hiyo nakuandikia wewe. Najua ulikuwepo, lakini wewe ulikuwa unatazama vitu vingine.

Hukujiona mlipokutana. Mlisimama mkitazamana, wewe Kikuria hujui na yeye Kiswahili chake ni cha kuhesabu ng'ombe. Nikajiandaa kutafsiri. Hamkunihitaji. Yeye akakunja mkono wa gauni, nawe ukakunja wako, mkaweka mikono pamoja. Makovu mawili, mkono wa kushoto, mahali pale pale, ukubwa ule ule. Nimezoea kutambua kazi ya fundi mmoja kwenye vyuma viwili. Sikuwahi kuitambua kwenye watu.

Halafu kaburini mlipomaliza na udongo ukaingia kwenye mkebe, ukaniambia, "Haya, Gisiri." Nilipiga kiki ya kwanza, ikakohoa. Ya pili, kimya. Nikaomba, kusema kweli. Ya tatu ikashika. Du, du, du, ile sauti nzito, polepole, na moshi ukatoka unanuka nyama choma kwa ajili ya mafuta ya miaka yote yale. Ng'ombe walikimbia. James alijishika kichwa. Na Nyasuguta akafumba macho akasema kitu ambacho sikukutafsiria kwa sababu ya kelele za injini. Alisema, "Ndivyo alivyokuja."

Nimeendesha pikipiki mia mbili maishani. Hakuna iliyonibeba kama ile. Kutoka Kegonga mpaka Homa Bay, mvua na jua, haikuzima hata mara moja. Na pale mto Awach ulipomsimamisha James, ukateremka kwenye pikapu na kitambaa chako cha kanisa, ukaja ukapanda nyuma yangu, nilihisi uzito wako ukikaa nikajua sasa pikipiki imejaa. Wale wamama wa soko la Kendu walisimama wote. Mmoja alijishika mdomo. Nilitaka kupiga honi, nikakumbuka ni msiba.

Niliondoka mapema asubuhi kwa makusudi. Kisanduku si changu. Na mashine isikusumbue, sitaiuliza tena. Nimeiendesha mara moja. Inatosha kabisa, isipokuwa Jumamosi.

Gisiri


Kendu Bay
30 Aprili 1995

Mwanangu Gisiri,

Pikipiki iko sebuleni, kati ya meza na redio. Wageni wanaizunguka kwenda kukaa. James anasema haifai, nami namwambia nyumba ni yangu.

Nilikaa na kile kisanduku siku sita. Nilikuwa nikisahihisha mitihani nikiwa nimekipa mgongo. Jana mchana, watu wote wakiwa shambani, nikachukua nyundo na bisibisi. Kifuniko kiligoma, nikadhani ni kutu. Haikuwa kutu, ni mafuta yaliyoganda, yamejaza kila ufa, hata maji yasingepita. Nyasuguta alikifunga bila kujua anafunga nini.

Spana mbili. Plagi. Bati la sindano za chanjo. Hakuna picha, hakuna barua ya mtu. Chini yake kulikuwa na kitu kimefungwa kwa gazeti, kimekazwa kwa uzi mweupe wa dukani. Nilikaa sakafuni ndipo nikafungua.

Kalamu za kibao, dazeni. Alizinunua wakati wa kwenda, Gisiri. Hakungoja kurudi. Alipofika Migori, kabla ya kazi, kabla ya mvua ile, alisimamisha pikipiki mbele ya duka la Mhindi akanunua kalamu zangu kwanza, zisije zikasahaulika. Kumi zimevunjika njiani, barabara zenu unazijua. Mbili ni nzima.

Nimelia mpaka Mama James akaja kwa fimbo yake kuuliza nani amekufa. Nikamwonyesha. Akaketi nami sakafuni, mzee wa umri ule, na sijui tulimwinuaje baadaye. Sijui kama huko ndiko kusamehe. Nilimpikia chai.

Kisha nikachukua moja nzima, nikaandika jina langu sakafuni kwenye simiti, herufi kubwa, kama mtoto wa darasa la kwanza. Inaandika vizuri sana. Sijafuta, nimewakataza watu wasikanyage.

Mavuno yakifika nitaipaka mashine mafuta mimi mwenyewe, na Nyasuguta aje kunisimamia, nisije nikaruka spoku. Wewe utakuja kuiendesha Jumamosi hiyo, na nyingine ukitaka.

Lakini kabla ya hapo nakuja mimi. Jumamosi ijayo nitashukia Suna, unipeleke Kegonga. Nimenunua kibao. Ile kalamu nzima ya pili ni ya Nyasuguta. Amepitisha vidole juu ya jina la babangu miaka thelathini na minane, na sasa ataandika la kwake. Mwambie tu mwalimu anakuja, na asiogope, somo la kwanza ni fupi.

Mama yako,
Rispa